Ufunguo wa simu na kompyuta yako anao nani?

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Chinongwe

Kijana mwenzangu, nakuuliza swali moja tu, na naomba unijibu bila kuzunguka. Hiyo kompyuta unayoandikia, na hiyo mitandao unayoshinda humo kutwa kucha ukibishana mpira, siasa na muziki, ufunguo wake anao nani? Usiniambie unao wewe kwa sababu simu ni yako na risiti unayo. Risiti ni ya plastiki na kioo. Mimi nauliza ya ndani.

Wewe uliyepanga chumba Mbagala, Manzese au Tandika unajua vizuri upangaji ni kitu gani. Unalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, unafagia uwanja, unapaka rangi ukuta kwa hela yako mwenyewe, lakini siku mwenye nyumba akiamka vibaya anakwambia, "Mwanangu, tafuta pengine." Huna cha kumfanya. Unabeba godoro unaondoka.

Ndivyo tulivyo wengi wetu kwenye kompyuta na kwenye mitandao. Ni wapangaji, tena wapangaji wasioujua mkataba wao. Leo nasema wazi kwamba zipo nyumba nyingine, kuingia ni bure, na wakati wa kuhamia umefika. Upande wa kompyuta ni mifumo endeshi huria, hasa ile ya jamii ya Linux. Upande wa mitandao ya kijamii ni ile isiyo na mwenye nyumba mmoja, kama Mastodon. Kama majina haya hujawahi kuyasikia, usiogope. Makala hii nimekuandikia wewe.

RELI ILIYONG'OLEWA

Huku kwetu, pande za Ruangwa na Nachingwea, somo hili tulilipata zamani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, kule Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Yakaja matrekta, ikatandikwa reli kutoka pwani hadi Nachingwea, ikajengwa bandari ya Mtwara. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 mpango ukazikwa baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 30. Reli ikabaki inahangaika na mizigo michache, mpaka ilipofungwa mwaka 1962 na vyuma viking'olewa.

Wazee wanaikumbuka reli hiyo. Sisi tumerithi hadithi tu. Lakini hadithi yenyewe ina maana kubwa: kitu kikiletwa kwa hesabu za mtu mwingine, siku hesabu zake zikikataa kinaondoka, hata kama wewe ulishajenga kibanda chako pembeni ya stesheni. Mkulima wa Nachingwea hakuwa na kauli katika kuletwa kwa reli, wala hakuwa na kauli katika kung'olewa kwake.

Sasa tazama mitandao yetu. Google ilikuwa na mtandao wake wa kijamii uitwao Google+. Watu waliweka humo picha, mijadala na marafiki. Aprili 2019 Google wakaufunga na kila kitu kikafutwa. Oktoba 2022 tajiri Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44. Muda mfupi baadaye akafukuza maelfu ya wafanyakazi, wakiwamo wale wa ofisi ya Afrika iliyoko Accra, Ghana, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa. Julai 2023 hata jina akalibadilisha, ikawa X. Je, wewe uliyeandika humo miaka kumi uliulizwa? Nani alikupigia kura ya maoni?

KUFULI MOJA, MLANGO MMOJA

Huyo ni mwenye nyumba wa kwanza, yaani kampuni. Yuko wa pili, naye ana funguo zake. Huyo ni serikali.

Tukumbushane kwa tarehe, maana binadamu ni msahaulifu. Oktoba 2020, siku za uchaguzi mkuu, Twitter, WhatsApp na mitandao mingine ilizibwa hapa nchini. Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X kuingiliwa na wahalifu, mtandao wa X ukafungiwa. Waziri mwenye dhamana ya habari akasema baadaye kuwa sababu ni picha za ngono. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Kisha tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti yenyewe ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa.

Kuna watakaosema mwandishi analeta siasa. Hapana, naongelea biashara yako. Wewe machinga wa Kariakoo (na jina hilo la machinga limetoka huku kusini, usisahau) unayeuza viatu kwa picha za mtandaoni, wateja wako wote umewaweka kwenye nyumba ya mtu. JamiiForums, iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa jina la JamboForums, haikuwa ya wanasiasa peke yao. Kulikuwa na mtu anayetafuta dawa ya kuku, mwingine anatafuta kiwanja Chanika, mwingine anatafuta mchumba. Siku leseni ilipobanwa, wote walikuta mlango umefungwa, mwenye hoja ya siasa na mwenye kuku sawasawa.

Ubaya uko hapo. Nyumba yenye mlango mmoja inahitaji kufuli moja tu. Haijalishi kufuli kaliweka tajiri wa Marekani au ofisa wa Dar es Salaam. Wewe uko nje.

WINDOWS YA WIZI

Tuanze na kompyuta, halafu tutarudi kwenye mitandao.

Nenda steshenari yoyote ya mjini, hata hapa Nachingwea. Kompyuta ya mtumba, imechoka, kwenye kona ya kioo kuna maandishi yanayodai Windows haijalipiwa. Kijana anayechapa barua hajali, ameshazoea. Unampa flashi yako akuchapie wasifu wa kuombea kazi, ukifika nyumbani mafaili yamefichwa, vimebaki vialama visivyofunguka. Virusi. Unarudi kwa fundi, anakwambia, "Hii dawa yake ni kupiga Windows upya." Unalipa. Miezi michache baadaye unalipa tena.

Tuite kitu kwa jina lake. Windows hiyo ni ya wizi, na mwizi mwenyewe haifaidi. Mara nyingi haipokei marekebisho ya usalama sawasawa, na hujui aliyeivunja kufuli alipachika nini ndani yake. Juu ya hapo, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Windows 11 nayo haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Na sisi wa mitumba kompyuta zetu ni za lini? Ni za huko huko nyuma! Kwa maana hiyo mashine nzima, yenye kioo kizuri na kicharazio kizuri, inahesabiwa kuwa takataka kwa sababu tu mwenye nyumba kaamua.

KIJITI CHA MUHOGO

Sasa hii Linux ni nini? Nitakueleza kwa muhogo.

Huku kijijini jirani yako akiwa na muhogo mzuri, mtamu na usiooza, unakwenda kumwomba vijiti. Anakukatia, unapanda. Yeye hakupungukiwa na kitu, wewe umepata shamba. Ukiona mche fulani unazaa vizuri zaidi, huo ndio unaouchagua kwa mbegu, na mwakani unamkatia jirani mwingine. Hakuna anayekuja na karatasi kudai kila kijiti kilipiwe.

Programu huria ndivyo zilivyo. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alianza harakati za kutaka programu za kompyuta ziwe na uhuru wa namna nne: kuitumia utakavyo, kuifungua uone inavyofanya kazi, kuibadili, na kuigawa kwa wengine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, akaandika kiini cha mfumo endeshi, akakimwaga hadharani watu wakiongeze. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuzisimamia nyingine zote. Kiini hicho ndicho Linux. Maelfu ya watu wamekikuza tangu hapo, na leo sehemu kubwa ya seva zinazobeba intaneti zinakitumia. Hata hiyo Android iliyoko mfukoni mwako, moyo wake ni Linux, ingawa ghorofa za juu Google wameziwekea milango yao.

Usidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kiliendesha mradi wa Kilinux, ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili. Watu wazima walikaa chini wakatafuta maneno ya Kiswahili kwa kila kitufe. Hawakumpigia magoti tajiri yeyote, kwa sababu leseni ya programu yenyewe iliwaruhusu. Mwaka huo huo Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth alitoa Ubuntu, na kwa miaka kadhaa kampuni yake ikawa inatuma santuri za bure kwa yeyote duniani aliyeomba.

Na serikali yetu yenyewe inakula muhogo huu. Takwimu za MTUHA, zile zinazotoka kwenye zahanati na hospitali zetu, huingia kwenye DHIS2, mfumo huria uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walichora ramani za mitaa inayofurika, kwa kutumia ramani huria ya dunia iitwayo OpenStreetMap. Ujerumani nako, jimbo la Schleswig-Holstein liliamua mwaka 2024 kuhamisha kompyuta za ofisi zake zipatazo 30,000 kutoka programu za ofisi za Microsoft kwenda LibreOffice, ambayo ni mtoto wa OpenOffice aliyezaliwa mwaka 2010. Sasa kama Mjerumani mwenye hela zake kaona bora ahame, wewe mwenye Windows ya wizi unang'ang'ania nini?

ANZA HIVI

Kwa mgeni napendekeza Linux Mint. Sababu ni rahisi: sura yake inafanana na Windows uliyoizoea, kitufe cha kuanzia kiko kona ile ile ya chini kushoto. Kama mashine yako ni dhaifu, chukua toleo lake liitwalo Xfce, ni jepesi. Ukiwa na memori ya GB 4 utakwenda vizuri.

Kwanza, hamisha picha na nyaraka zako zote kwenye flashi nyingine au diski ya nje. Nasema kwanza, yaani kabla ya yote. Asiyetunza nakala ya akiba asije kunilaumu.

Pili, pakua faili la Linux Mint kwenye tovuti yao wenyewe. Linakaribia GB 3. Najua bando linauma. Basi changeni watu watano, mmoja apakue, wote mgawane. Huo si wizi, ndiyo ruhusa yenyewe! Kisha tumia programu kama Rufus au balenaEtcher kuliandika kwenye flashi ya GB 8. Flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo iwe tupu.

Tatu, chomeka flashi, washa kompyuta huku ukigonga F12 kama ni Dell au Lenovo, au Esc ama F9 kama ni HP, halafu chagua kuamkia kwenye flashi. Hapa ndipo uzuri ulipo: Linux Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu ndani ya kompyuta. Jaribu sauti, jaribu Wi-Fi, jaribu printa. Ukiridhika, gonga kitufe cha kusimika. Usiporidhika, chomoa flashi, washa upya, Windows yako iko pale pale kama ulivyoiacha.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kitakwenda mteremko. Photoshop na programu nyingine za Adobe hazisimikiki kwa njia ya kawaida kwenye Linux. Ipo GIMP na ipo Inkscape, lakini utajifunza upya. Baadhi ya michezo ya kompyuta inagoma. Printa nyingine zinataka kubembelezwa. Nyaraka ya Word yenye mapambo mengi inaweza kupinda kidogo ikifunguliwa kwenye LibreOffice. Kama mkate wako unategemea programu moja isiyopatikana huku, acha Windows upande mmoja na uweke Linux upande wa pili. Inawezekana. Lakini kama kazi yako ni kuandika, kutuma barua pepe, kutazama picha za video na kuperuzi, huna udhuru. Na virusi vingi vinavyozurura kwenye flashi za steshenari vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, kwenye Linux havipati pa kushika.

MITANDAO KAMA PESA ZA SIMU

Sasa turudi kwenye mitandao ya kijamii. Hapa nitakueleza kwa pesa za simu, kwa sababu Watanzania tulilijua jambo hili mapema.

Unakumbuka zamani? Mwenye Tigo Pesa akitaka kumtumia mwenye Airtel Money ilikuwa kisirani. Kila kampuni na kisima chake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaanza kuunganisha, mwaka 2016 Vodacom na M-Pesa yake nao wakaingia. Leo hii Tigo yenyewe inaitwa Yas, na unatuma popote bila kuuliza jirani yako ana laini gani. Kila kampuni ina mnara wake na sheria zake, lakini zinaongea lugha moja.

Mastodon ni hivyo hivyo. Mjerumani Eugen Rochko aliianzisha mwaka 2016. Hakujenga nyumba moja kubwa ya kumwingiza kila mtu. Aliandika programu huria ambayo yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake, na seva zote zinasalimiana kwa lugha iitwayo ActivityPub, ambayo mwaka 2018 ilipitishwa kuwa kanuni na shirika linaloweka viwango vya wavuti duniani. Wewe unajiandikisha kwenye seva moja, mwenzako kwenye nyingine, mnafuatana na kujibizana kama kawaida. Jina lako linakuwa kama anwani ya barua pepe: jina, kisha alama ya @, kisha seva. Serikali ya Ujerumani ina seva yake. Klabu inaweza kuwa na yake, chuo kinaweza kuwa na chake.

Faida yake? Seva ikikukera, unahama. Ni kama ule utaratibu ulioanza hapa Machi 2017 wa kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba. Wanaokufuata wanahamishwa nawe kwenda seva mpya, ingawa maandishi yako ya zamani yanabaki kule. Na ikitokea seva moja imefungiwa au mwenyewe amefilisika, nyingine zote bado zinapumua. Mwenye kufuli inambidi anunue kufuli elfu.

Tena hakuna matangazo, na hakuna mashine inayokuchagulia ugomvi wa kutazama ili usitoke. Unaona waliyoandika uliowafuata, kwa mpangilio wa saa. Kuanza ni rahisi: pakua programu ya Mastodon kwenye simu, chagua seva ambayo sheria zake umezisoma na inaonekana inatunzwa, andika kidogo kuhusu wewe, kisha tafuta watu.

HOJA ZA WABISHI

Wapo watakaosema, "Kule hakuna watu, washikaji wote wako WhatsApp na Instagram." Ni kweli, Waswahili bado ni wachache kule. Lakini hoja ya wingi tunaijua vizuri nchi hii. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka kuuliza, walio wengi walisema chama kimoja kinatosha. Tume ikashauri vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 mfumo ukabadilika. Mtu aliyezoea chumba kimoja hukiona ni dunia nzima. Dawa yake ni kuhama kwa kundi. Kijiwe kizima, watu kumi, mnajiandikisha siku moja. Kumi mnaojuana mnatosha kuanzisha mazungumzo. Wala sikulazimishi ufute WhatsApp leo, maana mama yuko huko. Nasema usiweke mayai yote kwenye tenga la mtu.

Wapo watakaosema, "Cha bure kina gharama." Swali zuri. Mastodon inaishi kwa michango na ruzuku. Linux inaendelezwa na watu wa kujitolea pamoja na makampuni makubwa yanayoitegemea. Mwaka 2019 IBM ililipa dola bilioni 34 kuinunua Red Hat, kampuni inayouza huduma juu ya Linux. Kwa hiyo hela ipo, ila inatoka kwenye huduma, si kwenye kukufungia mlango. Na hapo kuna ulaji wako pia: kijana anayejua kusimika na kutengeneza Linux mtaani kwake ni fundi mwenye bidhaa halali.

MIPAKA YAKE

Ukweli mwingine lazima niuseme, maana nisipousema utakuja kuniita tapeli.

Intaneti ikizimwa nchi nzima, kama ilivyotokea Oktoba 2025, Mastodon nayo inazimika. Pasipo barabara hakuna gari, liwe la serikali au la kwako. Kwa siku kama hizo zipo programu huria kama Briar, inayopitisha ujumbe kutoka simu ya Android hadi nyingine kwa Bluetooth au Wi-Fi bila intaneti. Lakini inafika karibu tu, ni ya watu walio jengo moja au mtaa mmoja, na lazima muwe mmeiweka kabla kiza hakijaingia.

Ujumbe wa faragha kwenye Mastodon haufungwi kwa siri, mwendesha seva akitaka anaweza kuusoma. Usiandike humo usichoweza kuandika kwenye postikadi.

Na sheria inakufuata popote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haikuulizi ulikuwa X au Mastodon. Ukitaka kuendesha seva yako mwenyewe hapa nchini, zisome kwanza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020. Zile za 2018 zilizotangulia ziliweka ada iliyofika shilingi milioni 2.1 kwa mwenye blogu, na JamiiForums ikalazimika kujifungia kwa muda Juni mwaka huo. Sheria mbaya hubadilishwa kwa sauti za wananchi. Linux haitapiga kelele kwa niaba yako.

SHIME

Haya yote nimeyaandika nikiwa Chinongwe, ambako mtandao ukipatikana unashukuru. Kama mimi wa huku naona umuhimu wake, wewe uliyezungukwa na minara kila kona unangoja nini?

Nakupa kazi ya mwezi mmoja. Wiki ya kwanza, tunza nakala ya akiba ya mafaili yako, na hamisha namba za wateja na marafiki uziandike pia nje ya mtandao wa mtu. Wiki ya pili, acha Windows kama ilivyo lakini weka LibreOffice na Firefox ndani yake, uzizoee. Wiki ya tatu, changeni bando, washa Linux Mint kwenye flashi. Wiki ya nne, andikisheni kijiwe chenu Mastodon. Ukimaliza, flashi hiyo usiifungie kabatini. Mpe jirani, naye apande.

Shime vijana, msisubiri mwenye nyumba aje na notisi.